Kichaka kimoja kati ya 20,000: aina mpya ya bluberi inavyopatikana

Leo naomba tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee tunda. Najua wengine hapo mlipo mna dakika kumi na tano tu kabla mwenye kafe hajaanza kuwakodolea macho, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Tangu bluberi zianze kuonekana kwenye supamaketi za Nairobi, na kampuni ya Kakuzi kule Murang'a kuanza kuzilima, kuna swali naulizwa sana na vijana wenye ndoto za kilimo. Swali lenyewe ni hili: hivi nikinunua kikopo kimoja cha bluberi, nikatoa mbegu, nikaziotesha, si tayari nina shamba? Jibu fupi ni kwamba zitaota. Jibu refu ndilo hili mnalosoma, maana ndani yake ndimo mlimo na siri nzima ya biashara hii: nani anatoa aina mpya, anaichaguaje, na kwa nini akishaipata anaishika kama yai.

Kwa wasiolijua, ni tunda la mviringo, dogo kuliko zambarau, ganda la bluu lenye vumbi jeupe kwa juu (si vumbi, ni nta), na mbegu ndogo kama punje za mchanga. Ninayoizungumzia ni bluberi ya kichaka kirefu, ambacho kikiachwa kinampita mtu mzima kimo. Kwao ni mashariki mwa Marekani, kwenye vinamasi na misitu yenye udongo maskini, mchachu, wa tindikali.

Huo udongo ndio uliowasumbua watu. Miaka zaidi ya 100 iliyopita bluberi zilichumwa porini tu, kama sisi tunavyochuma ukwaju wa njiani. Waliojaribu kuzipanda nyumbani walizipa raha zote za bustani: udongo mweusi, samadi, chokaa. Zikadumaa, zikafa. Mtaalamu wa mimea wa wizara ya kilimo ya Marekani, Frederick Coville, ndiye aliyekaa chini akazichunguza, na mwaka 1910 akachapisha ripoti kwamba mmea huu hautaki raha hizo hata kidogo. Unataka tindikali. Kwa kipimo cha pH, kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Baadaye akagundua na jambo jingine, kwamba unahitaji kulala kwenye baridi kabla ya kuamka na kuchanua. Vichaka alivyovifungia kwenye nyumba yenye joto wakati wote wa kipupwe, akidhani anavilea, vilikataa kuamka vizuri. Vya nje kwenye baridi vikachipua kama kawaida. Hilo la baridi lishikeni, tutalirudia.

Ripoti ile ikasomwa na dada mmoja wa New Jersey, Elizabeth White, mtoto wa mkulima mkubwa wa kranberi kwenye kijiji cha Whitesbog. Mwaka 1911 akamwandikia Coville: njoo, ardhi ipo, nitakusaidia. White alikuwa na kitu ambacho mtaalamu wa Washington hakuwa nacho, yaani alijuana na watu wa pale. Wachumaji wa misitu ile walijua kila kichaka, kipi kitamu, kipi kikubwa, kipi kimejificha nyuma ya kinamasi gani. Akawapa kipimo cha bati chenye tundu la inchi tano ya nane, kama milimita 16. Beri ikipita kwenye tundu, achana nacho. Isipopita, niletee habari, nitakulipa. Kila kichaka kilichokubaliwa kilipewa jina la aliyekigundua.

Maarufu kuliko vyote ni Rubel. Aliyekileta aliitwa Rube Leek. White hakutaka kukiita Rube, aliona jina halina heshima, na Leek nalo ni jina la mboga ya ukoo wa kitunguu. Coville akapendekeza Rube iongezewe L, ikawa Rubel. Mpaka leo Rubel inapandwa, na damu yake imo kwenye bluberi nyingi mnazoziona zimepangwa kwenye friji za maduka duniani. Mzee Leek alipata dola chache na jina lililokatwa mkia. Tuyaache hayo kwanza.

Mwaka 1916 Whitesbog wakauza mavuno ya kwanza ya bluberi za kulimwa. Lakini Coville hakuridhika na vya porini. Alitaka kuvioanisha: kichaka chenye beri kubwa na kichaka chenye beri tamu, aone watoto. Na hapa ndipo swali la mbegu za kikopo linapojibiwa.

Bluberi ya kichaka kirefu ina seti nne za kromosomu, jumla 48. Binadamu tuna seti mbili tu, na bado si unaona ndugu wa tumbo moja wanavyotofautiana, mmoja mrefu mwingine mfupi? Sasa zidisha. Ukiotesha mbegu 100 za beri moja unapata vichaka 100 ambavyo hakuna kinachofanana na mwenzake wala na mama yake. Kimoja beri zake chachu, kingine laini kama uji, kingine hakizai, kingine kinaiva vizuri lakini kinakufa na ukungu mwaka wa tatu. Kwa hiyo yule mwenye kikopo cha supamaketi atapata shamba kweli, ila litakuwa shamba la bahati nasibu.

Sasa aina moja yenye jina inawezaje kufanana dunia nzima? Fikiria muhogo. Hupandi mbegu ya muhogo, unakata kijiti cha shina unachomeka, na kinachoota ni muhogo uleule. Bluberi ni hivyo hivyo. Vipandikizi, au miche ya tishu ya maabara kama ile ya migomba. Kila kichaka cha Bluecrop unachokiona Michigan, Poland au Chile ni kichaka KIMOJA kilichonakiliwa mara mamilioni. Watu wengi wakisikia "aina mpya" wanadhani ni mchanganyiko fulani uliopikwa maabara. Wapi! Ni mmea mmoja, uliokuwa umesimama kwenye mstari pamoja na ndugu zake maelfu, na mtu akapita akauchagua. Kwa hiyo kuoanisha ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kuchagua.

Kuoanisha kwenyewe kunafanyika hivi. Ua la bluberi ni kama kengele ndogo nyeupe inayoning'inia. Kabla halijafunguka, unalivua hiyo kengele kwa koleo dogo pamoja na sehemu za kiume, libaki jike peke yake lisijichavushe. Chavua ya baba unaitoa kwa kulibiringisha ua lake kati ya vidole, maana imefichwa kwenye vifuko vyenye tundu nchani, kama kichupa cha chumvi cha mezani, haitoki mpaka utikise. Wengine huipokea kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha wanagusisha kwenye ua la mama. Basi. Miezi miwili mitatu baadaye una beri. Unazisaga kidogo kwenye blenda na maji mengi, maganda yanaelea, mbegu nzuri zinazama. Unazimwaga juu ya mboji chachu bila kuzifukia, maana zinataka mwanga ndipo ziote.

Halafu ndo inaanza subira.

Chuo Kikuu cha Florida, ambacho ni kati ya wakongwe wa kazi hii, huotesha miche kama 20,000 kila mwaka. Inapandwa imesongamana, hakuna anasa. Mwaka wa pili ikizaa beri za kwanza, watafiti wanatembea mstari kwa mstari. Wanaangalia, wanachuma, wanaminya, wanatafuna, wanasonga. Kichaka kinapata sekunde chache tu za kujitetea. Tisa katika kila kumi vinang'olewa hapo hapo. Vinavyobaki, kama 2,000, vinaachwa miaka mingine viangaliwe tena. Kutoka hapo wanabaki na kama 200, ambavyo sasa vinanakiliwa kwa vipandikizi na kupandwa vikundi vikundi. Hatua ya mwisho vinabaki kama 15, vinavyopelekwa kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, sehemu tofauti tofauti. Na katika hao 15 kuna miaka hakitoki hata kimoja.

Wanatafuta nini? Utamu, utasema. Utamu upo, unapimwa kwa kifaa cha kuangalia sukari kwenye tone la maji ya tunda, na uchachu nao unapimwa, kwa sababu beri tamu isiyo na uchachu kabisa inachosha mdomo. Lakini utamu peke yake hauuzi. Angalia mambo mengine wanayoyaangalia.

Kuna kovu. Beri ikichumwa inaacha kidonda pale ilipokuwa imeshika kikonyo. Kwenye aina nzuri kidonda ni kidogo na kikavu. Kwenye aina mbaya ganda linachanika, maji yanatoka, ukungu unaingia, na kopo zima linaharibika njiani. Kichaka kinaweza kuwa na beri tamu kuliko zote shambani kikang'olewa kwa sababu ya kidonda cha milimita mbili. Binafsi hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, maana mlaji hajawahi hata kuligeuza tunda akaangalia.

Kuna ugumu. Beri lazima ivumilie kuchumwa, kupangwa, kusafirishwa. Meli kutoka Peru mpaka Ulaya ni wiki tatu hivi baharini ndani ya kontena la baridi, na ikifika inatakiwa ilie "ka!" kwenye meno. Watafiti wanaweka beri kwenye jokofu, karibu na nyuzi sifuri, wanazirudia kila baada ya wiki kadhaa kuminya na kuonja. Florida walitoa aina yenye kulia hivyo mwaka 1997, wakaiita Bluecrisp, na tangu hapo wanunuzi wamezoea, beri laini hawaitaki tena.

Kuna nta, kwa sababu mnunuzi anapenda ile bluu yenye weupe. Kuna kichaka kuiva kwa mpigo ili kisichumwe mara nane. Kuna umbo: matawi yaliyosimama, beri zisizobanana, mchumaji asihangaike. Kuna magonjwa ya mizizi na ya shina. Na kuna tarehe. Kichaka kinachoiva wiki mbili kabla ya majirani wote kinaweza kumtajirisha mkulima hata kama beri zake ni za kawaida tu, kwa sababu wiki hizo soko ni tupu na bei iko juu.

Ukubwa nao, sikatai. Mwaka 2023 shamba la kampuni ya Costa huko Australia lilitoa beri moja ya gramu 20.4, kipenyo milimita 39.31, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Mpira wa tenisi ya mezani ni milimita 40, kwa hiyo piga picha mwenyewe. Linganisha na lile tundu la milimita 16 la Elizabeth White ndiyo utajua karne moja ya kung'oa vichaka imefanya nini.

Karne, narudia. Bluecrop, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo mfalme wa bluberi za nchi za baridi, ilioanishwa mwaka 1934 na Coville mwenyewe. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 1952. Miaka 18! Coville alifariki 1937. Ile mbegu aliyoitengeneza ilikuwa bado mche mchanga, hana habari ni upi kati ya maelfu. Waliomalizia ni wengine, akina George Darrow. Siku hizi mambo yamechangamka kidogo, kuna vipimo vya vinasaba vinavyosaidia kukisia mapema mche gani una mwelekeo, lakini bado miaka 10 mpaka 15 ni kawaida. Kichaka hakikui haraka kwa sababu wewe una kompyuta.

Sasa turudi kwenye baridi, maana hapo ndipo sisi wa Ikweta tunapoingia. Bluberi za akina Bluecrop zinahitaji saa 800 mpaka 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 kila mwaka. Wapi utazipata Florida, achilia mbali Murang'a? Mwishoni mwa miaka ya 1940 Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida akaanza kuzioanisha na bluberi nyingine ya porini ya huko huko, kichaka kifupi kisichopukutisha majani, kilichozoea joto. Hicho kilipewa jina la Darrow, yule yule. Shida ni kwamba kina seti mbili tu za kromosomu dhidi ya nne za mwenzake. Ndoa nyingi zilishindikana. Lakini mara chache sana chavua au yai hubeba seti zote mbili badala ya kugawanya nusu kwa nusu, hesabu zinalingana, mtoto anazaliwa. Katikati ya miaka ya 1970 Sharpe akatoa Sharpblue, iliyohitaji baridi kidogo mno. Kutoka kwenye ukoo huo mwaka 1998 watafiti wa wizara ya kilimo kule Poplarville, Mississippi, wakatoa Biloxi.

Biloxi ilifanya maajabu ambayo sidhani waliyategemea. Peru mwaka 2010 ilikuwa karibu haina bluberi. Wakapanda Biloxi kwenye pwani yao ya jangwa, kwa matone ya maji, mahali ambapo kichaka hakilali kabisa, kinazaa kila mkulima anapokipogoa. Haikupita hata miaka 12, Peru ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza bluberi nje. Halafu mwaka 2023 joto likapanda pwani ile, bahari ikachemka na El Niño, Biloxi na nyingine iitwayo Ventura zikachelewa kuchanua, mavuno yakaporomoka. Wakulima wengi tayari walikuwa wanaing'oa Biloxi kwa sababu beri zake ni ndogo na laini kwa soko la sasa. Ndiyo maana nasema tathmini haiishi siku aina inapopewa jina. Shamba linaendelea kutahini.

Kwa nini Biloxi ilienea haraka hivyo? Sababu moja ni kwamba haikuwa na hataza. Yeyote aliruhusiwa kukata kijiti na kuchomeka. Aina nyingi mpya haziko hivyo. Marekani ina sheria tangu 1930 inayompa haki mtu aliyetoa mmea unaozalishwa bila mbegu, leo ni miaka 20. Kenya ilijiunga na muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea mwaka 1999, Tanzania 2015. Maana yake, pale aina inapokuwa imesajiliwa, ukinunua miche 500 halali, ukakata vijiti na kumuuzia jirani, umevunja sheria, hata kama vichaka ni vyako na vimesimama kwenye ardhi ya babu yako. Na si mche tu. Nyingine, kama zile za jina la Sekoya za kampuni ya Fall Creek ya Oregon, hupewi mpaka uwe kwenye mkondo wa wauzaji waliochaguliwa, yaani kuzalisha na kuuza vinaenda pamoja.

Kuna watakaosema ni unyonyaji. Mie nagawanyika. Mtu aliyeng'oa vichaka 19,999 na kulipa mishahara miaka 15 bila kuuza hata beri moja, akiachwa mikono mitupu hatarudia. Mrabaha wa aina za Florida unarudi kulipia uzalishaji wa aina nyingine, na hilo ni jema. Lakini kila nikifikiria mrabaha namkumbuka mzee Leek na dola zake chache. Aliyekuwa na jicho la kukiona kichaka porini hakupewa asilimia yoyote. Na swali hilo halijatuacha mbali: milima ya Rwenzori, upande wa Uganda na wa Kongo, ina mmea wake wa jenasi hii hii ya bluberi, wenye jina la Stanley yule mpelelezi. Jina la mwenyeji aliyekuwa akipita hapo kila siku hamna. Siku mtafiti akija kutafuta kichaka kilichozoea Ikweta ili akioanishe na bluberi za Florida, ningependa watu wa kule wawe wameshajua kijiti kina thamani gani kabla hawajakikata na kumpa.

Kwa yule anayetaka kujaribu kweli: achana na mbegu za kikopo, tafuta miche ya aina isiyo na hataza kama Biloxi kwa muuza miche mwenye karatasi zake. Pima udongo kwanza. Ikisoma pH 6.5, panda kwenye ndoo kubwa au mifuko yenye mboji chachu, na samadi iache kwa mahindi. Na usije ukabeba kijiti kwenye begi kutoka ng'ambo. Kuingiza mmea bila kibali cha KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania ni kosa, na hawa jamaa pale uwanja wa ndege siku hizi wanafungua mabegi kwelikweli.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu kadiri muda utakavyoruhusu.